Impamba Isiyopanda Mizani

Asubuhi ya kuhama Kasulu, mume wangu alishusha sufuria zangu garini. Alizishusha zote, hata ile ndogo ya kuchemshia chai, akazipanga barazani kama za mnadani, kisha akanyanyua mbili na kuniambia nichague moja. Nilikuwa nimekaa naye muda wa kutosha kujua kwamba hatanii. Nikamwambia basi na mimi nishuke, maana mimi ni mzito kuliko sufuria. Akanijibu, wala hakucheka, kwamba mimi ameshanihesabu.

Gari lenyewe lilikuwa la misheni moja iliyokuwa ikiendesha zahanati ya kutembea. Lilitoka ng'ambo likiwa limejengewa nyumba kamili mgongoni: vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, sinki, tangi la maji, jokofu la chanjo, na nyuma kabisa chumba chenye mlango wake ambamo mimi, mkunga, niliwapima wajawazito. Watoto wa vijijini wakiliona kwa mbali walikuwa wakikimbia wakipiga kelele, "Inzu! Inzu!", yaani nyumba kwa Kiha chetu, na sisi wenyewe tukaishia kuliita Nyumba. Tulifanya kazi humo, tukapika humo, na tukiwa safarini tulilala humo. Mwanamke wa Buha wa miaka ile ya sabini aliyekuwa na sinki lenye bomba, tena linalotembea, nilikuwa peke yangu, na sitajifanya sikuringa.

Mume wangu ndiye aliyeliendesha tangu lilipofika. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba la kujivunia, na elimu yake iliishia darasani pa katekista. Alichokuwa nacho ni jina. Toka Kasulu mpaka Kibondo alijulikana kama dereva asiyeonja pombe, asiyekimbiza gari, na ambaye hajawahi hata kulipeleka mtaroni. Wanawake waliokuwa wakiogopa magari walikubali kupanda Nyumba wakisikia ni yeye yuko kwenye usukani. Kanisani alikuwa anasimama mbele na kusoma neno. Jina hilo ndilo lililokuwa mali yetu, na hadithi hii ni ya jinsi lilivyopotea.

Daktari mkuu wa misheni, mzungu mrefu mwenye subira, alikuwa ameamua Nyumba ihamie Kibondo moja kwa moja, na sisi tuhame nayo. Huko zahanati mpya ilikuwa inajengwa, kwa hiyo safari hiyo gari lisingeenda hivi hivi. Lingevuta tela lenye jenereta, mabati na mifuko ya saruji. Nyumba haikuwahi kuvuta kitu. Mume wangu aliposikia hilo chakula kilianza kumshinda, nikadhani anaumwa.

Mlangoni pa dereva palikuwa na kibao kidogo cha chuma kilichoandikwa kwa lugha ya nchi gari lilikotoka. Daktari alikaa naye pale karibu asubuhi nzima akimfafanulia. Kibao kilisema mambo mawili: gari pamoja na kila kilichomo lisizidi uzito gani, na gari likiwa na tela, vyote kwa jumla, visizidi uzito gani. Mume wangu alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyepewa siri. Akanifuata jikoni.

"Chukua mama anayetoka mtoni," akaniambia. "Kichwani ana mtungi, mgongoni ana mtoto, na mkononi anavuta mbuzi kwa kamba. Mtu akikuuliza mama huyu anaweza kuvuta mbuzi wa ukubwa gani, utamjibu nini?"

Nikasema inategemea mama mwenyewe.

"Hapana. Inategemea na mtungi. Ukijaza mtungi, upunguze mbuzi. Ukitaka mbuzi mkubwa, umwage maji. Watu wanauliza gari hili linavuta tani ngapi, kana kwamba nguvu ya kuvuta imewekwa kabatini inasubiri. Haipo hivyo. Kila unachoweka ndani ya Nyumba unakitoa kwenye tela."

Nikamwambia injini ya Nyumba nimeisikia ikipanda milima, ingevuta hata nyumba ya jirani.

"Kuvuta itavuta," akasema. "Mlima si kazi. Kazi ni mteremko, pale mbuzi anapoamua kukimbia na kumsukuma mama mgongoni. Hapo hatuulizi tena habari ya kuvuta. Tunauliza kama tutasimama."

Halafu akanieleza la mkia. Tela lina pua inayolalia ndoano ya gari nyuma. Pua ikilala nzito kupita kiasi, na nyuma ya gari nako kumejazwa, basi mbele ya gari hunyanyuka kidogo, na usukani huwa mwepesi. Mimi nikasema usukani mwepesi si ndiyo raha. Akanitazama kama mtoto. Usukani mwepesi, akasema, ni magurudumu ya mbele ambayo hayakanyagi ardhi sawasawa.

Basi akaenda kuazima mizani ya ghala la kahawa, ile ya kuning'iniza, akaifunga kwenye mti nyuma ya nyumba. Kila kitu kilipanda mizani. Masanduku ya dawa yalipanda, magodoro yakapanda, mabati yakapanda mafungu mafungu. Mimi na yeye tulisimama kwenye mizani yangu ya wajawazito, kwa zamu, na nikamkuta yeye amepungua. Maji ya tangi aliyapunguza nusu. Kitanda kimoja alikifungua na kukiacha Kasulu. Meza yangu ya kukunja iliachwa, ungo mkubwa uliachwa, na asubuhi ya safari ikawa zamu ya sufuria. Alijumlisha mpaka akaridhika, na hata hapo alibakiza nafasi ndogo tupu, kwa ajili ya lolote ambalo hakuliwaza. Daktari alipitia hesabu yake, akampiga begani, akatangulia na Landrova. Tungekutana Kibondo.

Nilipanda nimenuna. Sufuria niliyochagua ilikuwa miguuni pangu, na kila gari liliporuka shimo ilinigonga kwenye ugoko.

Mama yangu alikuwa akiishi njiani. Hakuzaliwa hapo barabarani. Alikuwa amehamishwa miaka michache nyuma, wakati ule watu walipoteremshwa kutoka milimani na kupangwa kwenye vijiji vipya, nyumba kwa mistari, kila mtu akitazama mgongo wa mwenzake. Siku ya kuhamishwa aliambiwa achukue kinachoingia kwenye lori upesi. Wengine walichukua milango. Mama alichukua jiwe lake la kusagia, lile alilorithi kwa bibi, akalipakata lori zima kama mgonjwa. Watu walimcheka. Mahindi tayari yalikuwa yanapelekwa mashineni. Yeye alisema ulezi wa mashineni una ladha ya mafuta.

Tulipanga kusimama kwake kidogo tu, tuage. Nilipoona watu waliojaa uani nikajua kwamba kidogo hakipo.

Mtu asiyekuwa wa kwetu huenda asijue impamba ni nini, kwa hiyo niseme. Ni chakula cha njiani anachofungashiwa anayeondoka. Jina ni la njiani, lakini kiasi chake si cha njiani. Binti anapohama kwenda mbali na mume wake, impamba ni mdomo wa ukoo mzima: inasema huyu anao watu. Hairudishwi wala haipunguzwi. Tena haipimwi. Katika nchi yetu ya Buha kitu kinachopanda mizani ni kitu kinachouzwa. Kahawa hupanda mizani, maharage ya ushirika hupanda mizani. Ukiipandisha zawadi ya mtu kwenye mizani umemwambia usoni kwamba unataka kujua bei yake.

Na pale kijijini walikuwa wamewekwa pamoja watu wote wa mlima wetu, wale ambao zamani walitawanyika kila mtu na bonde lake. Kila mmoja alikuwa ameleta. Magunia ya maharage, mihogo, viazi, mikungu ya ndizi, kibuyu cha asali, kuku waliofungwa miguu. Mama alikuwa amepika pombe ya ndizi na kuijaza kwenye mitungi iliyozibwa kwa majani, akijua fika kwamba mkwe wake hanywi. Ilikuwa heshima yake. Kunywa au kutokunywa ni shauri la mwenye kupewa.

Mume wangu alikaa pembeni kwenye kigoda, amegeuza uso kidogo upande wa migomba kama inavyompasa mkwe. Yeye na mama hawakuwa wakisemezana moja kwa moja. Walikuwa wakisema kupitia kwangu, ingawa walikuwa hatua chache tu mmoja na mwenzake na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Jambo ambalo sijalifikisha mimi lilikuwa halijasemwa.

"Mwambie mume wako," mama akasema, "hii ni impamba yenu."

"Mume wangu, mama anasema hii ni impamba yetu."

"Mwambie mama tumeshukuru sana. Ni nyingi, inatosha."

"Mama, anasema ameshukuru, inatosha."

"Mwambie bado."

Wakapakia. Mbele na katikati ya gari kulikuwa na makabati ya dawa na jokofu, vyote vimefungwa kwa kamba, kwa hiyo kila kitu kiliingizwa nyuma, kwenye chumba changu cha wajawazito, mpaka kitanda cha kupimia kikafunikwa. Mwisho mama akaingia ndani ya nyumba yake, akatoka yeye na mjomba wamebeba lile jiwe. Nilisema, "Mama, hili hapana, hili ni lako." Akaniambia kwamba yeye sasa ni mzee, atasagiwa mashineni, na kwamba mwanamke anayekwenda ugenini bila jiwe la kwao atakula unga wa watu. Nililia. Mume wangu alikuwa amesimama kwa heshima na kofia mkononi, na machozi yalikuwa yanamlenga na yeye. Alimpenda mama sana, pengine kwa sababu wake alimpoteza akiwa mdogo.

Tulipokwisha kuondoka, tukiwa tumepungia mikono mpaka kijiji kikapotea, nilimwuliza.

"Vile vitu umevihesabu?"

"Vitu gani?"

"Vya mama. Magunia yale."

"Ile ni impamba," akasema.

"Najua ni impamba. Nauliza uzito."

"Mke wangu, impamba si mzigo." Alisema kwa sauti ya kufunga mlango, kama vile nimemtukania mtu. Na nataka nieleweke hapa, kwa sababu nimeliwaza jambo hili sana: hakuwa anajidanganya. Mtu yule yule aliyepima kitana changu hakuyaona magunia. Kichwani mwake mizigo ilikuwa upande mmoja, imeshajumlishwa, na impamba ya mama mkwe ilikuwa upande mwingine ambako hakuna hesabu. Mimi niliogopa, lakini niliogopa kama abiria, bila kujua hasa ninachoogopa.

Mvua ilikuwa imenyesha jana yake na barabara ile ya udongo mwekundu ilikuwa imelainika pembeni. Tulipanda polepole. Injini ilivuta, wala haikulalamika sana. Tukiwa karibu na mahali barabara inapoanza kuteremka kwenda mtoni, mume wangu aliacha kujibu maneno yangu. Aliuchezesha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Umekuwa mwepesi," akasema.

Nilikumbuka maneno yake ya jikoni.

Alisimamisha gari kabla ya mteremko, akawekea magurudumu mawe, akashuka. Alizunguka gari. Aliitazama nyuma yake jinsi ilivyokaa chini, na mbele jinsi ilivyoinua pua. Alifungua mlango wa chumba changu, akasimama akiutazama ule mlima wa zawadi, na nikamwona anaelewa. Uso wake ulibadilika. Kulikuwa na nyumba chache karibu na barabara. Nikamwambia, "Tushushe. Tuwaachie hawa watu, tutakuja kuchukua siku nyingine."

"Nishushe impamba ya mama yako njiani?"

"Mama hayupo hapa."

"Kesho atakuwa amejua. Njia hii yote ni watu wake. Watasema mkwe wake aliimwaga barabarani hata hajavuka mto."

"Basi shusha saruji."

"Saruji ni ya misheni. Nitamwachia nani?"

Niligombana naye pale. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume hadharani, na wale watu wa nyumba za jirani walikuwa wametoka wanatusikiliza. Mume wangu akaenda upande wa tangi, akafungua koki, akayamwaga maji yote yaliyobaki. Alisimama akiyatazama yakikimbia kwenye udongo mwekundu. Alitoa kitanda kilichobaki, akawaachia wale watu. Akatoa gurudumu la akiba. Akanigeukia, na mimi nilijua anachotaka, nikampa sufuria. Alipunguza kila kitu kilichokuwa chetu na hakugusa kitu hata kimoja cha mama. Aliniambia sasa itatosha. Niliona hakuwa na uhakika, na aliona kwamba nimeona.

Aliniamuru niteremke kwa miguu. Nilikataa. Akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuendesha huku ananiangalia mimi, kwa hiyo nikashuka, nikawa natembea nyuma.

Alianza vizuri. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu mzima anayetembea. Nilikuwa naanza kumshukuru Mungu. Halafu nikasikia harufu ya breki, harufu ya kitu kinachoungua kisichopaswa kuungua, na tela likaanza kuyumba, kushoto, kulia, na Nyumba ikaanza kwenda kasi kuliko ilivyotaka kwenda. Mbuzi alikuwa ameamua kukimbia. Nilikimbia na mimi, kana kwamba ningeweza kulishika. Chini kulikuwa na kona kabla ya daraja. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameelekezwa kwenye kona lakini gari lilikuwa linakwenda moja kwa moja. Aliweza kulitupa upande wa mlima badala ya upande wa mto. Lilipiga ukingo wa udongo, tela likaja likakunja shingo, likalala, na jenereta likaondoka peke yake likaenda kwenye mashamba ya watu.

Alikuwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Mimi ni mkunga, damu siiogopi, lakini mikono yangu ilikataa kufungua mlango, ikabidi wafungue wengine.

Watu walijaa, kama kawaida ya kwetu. Kuku walikuwa wanazunguka. Mitungi yote ilikuwa imevunjika, pombe ya mama ikawa inachuruzika kutoka nyuma ya gari mpaka kwenye viti vya mbele, na mume wangu ilikuwa imemlowanisha mabega. Wakamlaza kwenye nyasi. Kitu cha kwanza alichosema, akisaga meno, hakikuhusu mguu. Aliwaambia watu wachukue chakula, wagawane, wakipeleke majumbani upesi. Walidhani ni wema. Mimi nilijua anafuta nyayo, kabla Landrova haijarudi. Lile jiwe mtu mmoja aliliviringisha akalikingia gurudumu la nyuma ili gari lisirudi nyuma, na hapo ndipo daktari alipolikuta aliporudi kututafuta. Alilikanyaga akipanda kuangalia ndani. Kwake lilikuwa jiwe la kawaida la barabarani.

Daktari alimfunga mguu vizuri. Kisha, tukisubiri wamtengenezee machela, alichuchumaa karibu naye. Hesabu aliijua, maana aliipitia mwenyewe. Alisema haelewi. Uzito ulikuwa sawa. Akavuta hewa puani, na nikaona uso wake unavyobadilika taratibu, kwa huzuni zaidi kuliko kwa hasira.

"Ulikuwa umekunywa?" akamwuliza.

Nilifungua kinywa. Mume wangu alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu kuliko alivyokuwa amewahi kunishika, akaniambia kwa Kiha, "Usimtaje mama." Kisha akamjibu daktari kwa Kiswahili.

"Nilikimbiza gari, daktari. Kosa ni langu."

Kuhusu pombe hakusema ndiyo wala hapana. Na mtu anayenukia vile, akinyamaza, amejibu.

Alilazwa muda mrefu katika hospitali ya misheni, na alitoka na mguu mmoja mfupi. Nyumba ilitengenezwa, ikaletwa Kibondo, ikapewa dereva mwingine, kijana aliyekuwa akipiga honi kila alipoona msichana. Mimi niliendelea kufanya kazi ndani yake. Nilikuwa nikipita mbele ya kibanda cha mume wangu, ambako sasa alikuwa akiziba pancha za baiskeli, mimi niko juu kwenye kiti changu cha zamani na yeye yuko chini na pampu. Kanisani aliambiwa akae viti vya nyuma mpaka atakapotubu ulevi. Alikaa viti vya nyuma. Hakuweza kutubu kosa ambalo hakulifanya, na hakutaka kusema alilolifanya, kwa hiyo Jumapili baada ya Jumapili alikaa pale na fimbo yake, karibu na mlango, pamoja na wanaochelewa.

Nilikasirika mpaka nikakonda. Nilimwambia, sema tu. Sema gari lilizidiwa. Hata daktari mwenyewe alisema kila kitu kinachoingia ndani kinahesabiwa. Alinijibu kwamba akisema lilizidiwa ataulizwa na nini, na akisema na nini ataulizwa na nani. "Mama yako alihamishwa na lori akatoka na jiwe," akaniambia. "Jiwe lenyewe akatupatia sisi. Sasa nikaseme ofisini kwamba ndilo lililoangusha gari la wagonjwa? Aishi na hilo?" Niliona hana haki ya kuamua hivyo peke yake, maana hasara ya jina lile ilinipata na mimi. Wanawake waliokuwa wakiniamini walianza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Kulikuwa na siku nilimchukia yeye, na siku nilimchukia mama, ambaye hakuwa amefanya lolote ila kutupenda kwa magunia.

Jiwe tulilifuata. Alipotoka hospitali alimwomba aliyetubeba asimame pale kwenye kona. Lilikuwa limetupwa mtaroni, limemeguka pembeni. Likakaa jikoni kwangu Kibondo.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mama alituma salamu kwamba anakuja. Nilikwenda kumpokea stendi na mkokoteni wa kuazima, kwa sababu nilimjua. Mama hajawahi kwenda hata kwenye msiba wa karibu bila kitu kichwani. Basi lilifika. Akashuka akiwa amejifunga kitenge kizuri, na mikono yake ilikuwa mitupu. Nilitazama juu ya basi. Nilimwuliza utingo kama hakuna kapu limesahauliwa. Hakukuwa na kapu.

"Mwakeye, mwanangu," mama akanisalimu.

"Mwakeye, mama. Mizigo iko wapi?"

"Safari hii sikubeba. Gari lilikuwa limejaa."

Basi lile lilikuwa nusu tupu. Nilikuwa nimesimama pale, naona viti.

Tulirudi nyumbani nikisukuma mkokoteni usio na kitu, na majirani wakitutazama. Niliona aibu, nikadhani labda amekuja na hasira, labda amesikia ya ulevi na ameona mkwe wake hastahili hata ndizi. Mume wangu alikuwa amekaa nje. Alisimama, akavua kofia, akageuza uso upande kama inavyotakiwa, lakini kabla ya kugeuza aliiona ile mikono. Nikamwona anaiona. Fimbo ilimtoka.

Mama aliingia jikoni. Akaliona jiwe. Alichuchumaa, akapitisha kiganja pale lilipomeguka. Nilimwekea chai, hakuigusa.

"Muuza chumvi mmoja alipita kwetu," akasema. "Akasema mkwe wangu ameachishwa gari kwa sababu lilinuka pombe. Watu wakaniambia pole. Mimi nikajiuliza, pombe ya nani? Yule hanywi. Humo garini pombe iliingiaje?" Akainuka, akajikung'uta magoti. "Daktari wenu anakaa wapi?"

"Mama, Kiswahili hukijui."

"Wewe unakijua. Utasema ninachosema."

Akatoka. Alikuwa anatembea haraka, mikono yake inaning'inia, kama mtu ambaye hakujua la kuifanyia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, anakokota mguu, anajitahidi kutufikia.

"Mwambie mama arudi," akasema.

Niliendelea kutembea.

"Mke wangu. Mwambie mama nimemwomba, arudi. Mwambie yamekwisha."

Watu walikuwa wamesimama milangoni. Tulifika njia panda, pale ambapo barabara ya kulia inakwenda sokoni na ya kushoto inapanda misheni kwa daktari. Mama alisimama, lakini hakugeuka, kwa sababu mkwe wake alikuwa nyuma.

"Mume wako anasema nini?" akaniuliza.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anahema, ameegemea fimbo kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yananiomba.

"Anasema tupite kushoto, mama," nikamwambia. "Ndiyo njia ya karibu."

Tukapita kushoto.